Rubani akielemewa kichwani aanzie wapi: dodoso, rubani mwenzake, simu ya kampuni, mtaalam wa nje au daktari wa anga?

Kwenye kazi nyingi ukimwambia daktari kwamba hulali, moyo mzito, huoni raha ya kitu chochote, unapewa matibabu na baada ya muda unarudi kazini maisha yanaendelea. Kwa rubani maneno hayohayo yanaweza kusimamisha cheti cha afya, na bila cheti leseni haina kazi, mshahara unapungua au unakatika kabisa, na kama alisomea kwa mkopo basi benki inaendelea kudai kila mwezi. Ndo maana rubani mwenye shida akikaa peke yake swali la kwanza linalomjia ni: nikifungua mdomo, haya maneno yataishia wapi? Mimi naona hilo swali ni la haki kabisa. Nina ndugu wa damu kwenye hii kazi, afu nimekuwa nafuatilia hili suala muda mrefu, kwahiyo nitazilinganisha hizi njia kwa hilo swali hasa, nani anasikia, nani anaandika, nani ana mamlaka ya kukusimamisha, na mwisho wa siku nani anakutibu kweli.

Dodoso la maswali 9 na maongezi na daktari wa anga

Dodoso maarufu kuliko yote la kupima sonona ni PHQ-9. Maswali 9, yote yanahusu wiki 2 zilizopita, kila swali unajipa kuanzia 0 mpaka 3, jumla ya juu kabisa ni 27, na ukifika 10 inahesabika unahitaji kuonana na mtu mwenye utaalam. La wasiwasi ni GAD-7, maswali 7, jumla 21. Ni ya bure, yanaisha kwa dakika chache, na yanatumika hospitali za dunia nzima.

Kwa rubani yana kasoro mbili. Ya kwanza ni ndogo lakini inasumbua, kuna swali la usingizi na swali la uchovu, sasa mtu ambaye rosta imempeleka usiku tatu mfululizo na kumvusha saa za nchi kadhaa huyo atajipa pointi hapo hata kama hana sonona hata chembe, na mwingine mwenye sonona kweli atasema aah ni rosta tu hii. Ya pili ndo kubwa: dodoso halina macho, linaamini chochote unachoandika.

Angalia namba uone. Mwaka 2016 watafiti wa Harvard walitoa utafiti ambao marubani wa mashirika ya ndege walijaza PHQ-9 bila kuandika majina. Kati ya 1,848 waliojibu, 233, yani 12.6%, walifikia kiwango cha sonona. Ukichukua wale tu waliokuwa wamefanya kazi ndani ya siku 7 zilizopita asilimia inapanda kidogo mpaka 13.5. Na watu 75, sawa na 4.1%, walikuwa wamewaza kufa au kujidhuru ndani ya hizo wiki 2. Hawa wote walisema ukweli kwa sababu hakukuwa na jina juu ya karatasi. Sasa chukua rubani huyohuyo, mpe karatasi hiyohiyo ila iwe na jina lake na namba ya leseni, na msomaji awe mtu mwenye uwezo wa kumzuia kuruka kesho asubuhi. Kwenye utafiti mwingine wa 2022 uliohoji marubani 3,765, asilimia 56.1 walisema wamewahi kukwepa matibabu kwa namna moja au nyingine kwa kuogopa cheti. Zaidi ya nusu!

Upande wa pili kuna daktari wa anga, yule anayepima na kutoa cheti daraja la kwanza, kila baada ya miezi 12, na Marekani ukishafika miaka 40 inakuwa kila miezi 6. Kule Marekani fomu inakuuliza kama umewahi kuwa na tatizo la akili la aina yoyote, inauliza dawa unazotumia, na inauliza uliwaona watoa huduma gani wa afya miaka 3 iliyopita. Muda wa maongezi wenyewe ni mfupi, macho, masikio, moyo, mkojo, sahihi, kwaheri. Lakini daktari ana kitu ambacho dodoso halina kabisa, akiwa ni yuleyule mwaka baada ya mwaka anaona umekonda, anaona unajibu kwa neno moja wakati zamani ulikuwa unamsimulia habari za watoto.

Kwahiyo kati ya hivi viwili maoni yangu ni haya: dodoso litumie mwenyewe nyumbani, kwa siri yako, labda mara moja kwa mwezi, ukiona namba inapanda miezi miwili mitatu mfululizo usijidanganye. Kama kizuizi cha kuchuja marubani halifai. Na daktari wa anga kama una uhuru wa kuchagua basi chagua mmoja ukae naye, acha kuhamahama kutafuta anayepima haraka.

Kupima akili kabla ya kuajiri: Ulaya walikubali, Marekani walikataa

Tarehe 24 Machi 2015 ndege ya Germanwings namba 9525 ilitoka Barcelona kwenda Düsseldorf, kapteni akatoka kwenda chooni, rubani msaidizi akafunga mlango na kuishusha ndege kwenye milima ya Alps, watu 150 wakafa. Ripoti ya wachunguzi wa Ufaransa, BEA, ilionyesha kwamba alikuwa ameugua sonona 2008 na 2009 akiwa mafunzoni, akarudishiwa cheti kikiwa na alama ya angalizo, akaugua tena, akawaona madaktari kadhaa, na wiki 2 kabla ya ajali daktari mmoja alishauri atibiwe hospitali ya magonjwa ya akili. Taarifa za kuugua mara hii ya pili hazikufika kwa mwajiri wala kwa mamlaka. Ripoti hiyohiyo inataja pia hofu ya kukosa kipato, kwamba lile angalizo kwenye cheti lilimzuia kupata bima kamili ya kupoteza leseni. Hiki kipengele watu wengi wanakiruka wakisimulia hii ajali na mimi naona ndo kiini cha yote. Na haikuwa ya kwanza, tarehe 29 Novemba 2013 ndege ya LAM ya Msumbiji namba 470 iliyokuwa inatoka Maputo kwenda Luanda ilianguka Namibia, watu 33 wakafariki, kapteni alibaki peke yake chumba cha marubani na msaidizi wake akawa nje anagonga mlango.

Baada ya Germanwings kila upande ulichagua njia yake. Umoja wa Ulaya walitoa kanuni namba 2018/1042, ilipangwa kuanza Agosti 2020, Covid ikaisogeza mpaka 14 Februari 2021. Inataka vitu vitatu: rubani apimwe kisaikolojia kabla hajaanza kurusha abiria, shirika lihakikishe marubani wana programu ya kusaidiwa na wenzao, na kuwe na vipimo vya pombe vya kushtukiza. Marekani nao waliunda kamati ya wataalam na mwaka 2016 jibu likawa kwamba kupima akili kwa vipimo vya kawaida hakuna ushahidi kuwa kunaongeza usalama, kwahiyo hawakulazimisha, wakahimiza programu za marubani kusaidiana.

Nani yuko sahihi? Piga hesabu mwenyewe. Tuseme kuna marubani 10,000 na kati yao mmoja tu ni hatari kweli, na tuseme tuna kipimo kinachopatia mara 95 katika 100, ambacho kwenye mambo ya akili hakipo. Kipimo hicho kitawanyooshea kidole marubani karibu 500 wazima kabisa, ili kumpata huyo mmoja, na bado anaweza kupita. Halafu mtu anapimwa akiwa na miaka 24, ana furaha, ndo kapata kazi ya ndoto yake. Akifika 38 ndoa imevunjika, mzazi amefariki, madeni, kipimo cha wakati ule kinajua nini kuhusu huyu wa leo?

Ila sitaki kuwatupa Ulaya moja kwa moja, kipimo chao kina faida yake kama unakitazama kama namna ya kujua tabia, huyu anafanyaje kazi na wenzake, akibanwa anafikiri au anaganda, anapokeaje kukosolewa. Hiyo ni kuajiri vizuri. Kutabiri ugonjwa wa miaka 14 mbele ni habari nyingine. Na jambo la kuzingatia ni kwamba hawa wawili waliopishana kwenye kupima walikutana kwenye kitu kimoja, rubani kumsaidia rubani.

Milango minne ya kubisha hodi

Kabla sijaendelea, hii isomwe kwanza. Kama unawaza kujiua, au umeshaanza kupanga namna, au kuna mtu wako amekwambia hivyo, ulinganisho huu wote uweke pembeni. Toa taarifa kazini kwamba unaumwa, huhitaji kueleza zaidi ya hapo, usiruke, usikae peke yako, nenda idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu au piga namba ya dharura ya mahali ulipo. Cheti kinarudishwa, kuna marubani wengi tu wamerudi angani baada ya kulazwa.

Haya, sasa milango.

*Rubani mwenzako.* Hapa simaanishi rafiki yako wa kunywa naye chai, namaanisha programu rasmi ambapo marubani wa kujitolea wamefundishwa kusikiliza, nyuma yao yupo mwanasaikolojia anayewaongoza, na shirika haliletewi majina, linaletewa idadi tu, mwaka huu wamepiga simu wangapi, shida kubwa ilikuwa nini. Ujerumani kuna Stiftung Mayday tangu 1994, marubani wa American Airlines kupitia chama chao wana Project Wingman, na kwa upande wa pombe Marekani wana HIMS iliyoanza 1974, hiyo imerudisha maelfu ya marubani kazini baada ya kutibiwa ulevi na ndo iliyowafungua macho wengi kwamba rubani anaweza kuugua, akatibiwa, akafuatiliwa, akarudi.

Uzuri wa huu mlango ni kwamba hutumii nusu saa kueleza kazi yako. Ukisema umefeli mtihani wa simyuleta, ile mashine ya kuigiza ndege, na wiki ijayo una marudio, anaelewa tumbo linavyokukata. Ukisema umekosa mazishi kwa sababu ulikuwa bara jingine, anaelewa, yalimkuta. Na mambo mengi yanayompeleka mtu huko siyo ugonjwa bado, ni ndoa, ni deni, ni mtoto anaumwa, ni ugomvi na kapteni fulani, yakisikilizwa mapema yanaishia hapo.

Udhaifu wake pia uujue. Mwenzako hatibu, hatoi dawa, hawezi kukwambia una sonona au huna. Na siri ina mpaka, programu zote nilizowahi kusoma masharti yake zinasema kukiwa na hatari ya wazi kwa uhai basi siri inavunjwa, na ni sawa ivunjwe. Kwahiyo kabla hujaanza kumwaga yote uliza maswali haya bila aibu: unaandika chochote? Kinakaa wapi? Mwanasaikolojia wenu ni nani na analipwa na nani? Kitu gani kitakufanya umwambie mtu mwingine? Akijibu kwa kuzungukazunguka, shukuru ukate simu.

Kuna tatizo lingine la mashirika madogo. Kama mko marubani 20 tu basi huyo msikilizaji kesho ndo umekaa naye kiti cha pembeni, au ndo anayekupima mwakani. Hapo tafuta programu inayoendeshwa na chama cha marubani au iliyounganisha mashirika kadhaa, hata kanuni ya Ulaya inaruhusu shirika dogo kutumia programu ya nje badala ya kujitengenezea ya kwake.

*Simu ya ushauri ya kampuni.* Ile namba wanayoweka kwenye ubao wa matangazo kwamba mfanyakazi yeyote apige saa 24. Kwa deni, mirathi, ndoa, malezi ya watoto, inasaidia na unapewa vipindi kadhaa bila kulipa. Shida ni kwamba anayepokea leo alikuwa anaongea na mhasibu, saa hii anaongea na rubani, hajui kanuni za dawa, anaweza kukushauri kwa nia njema kabisa chukua kidonge cha usingizi hapo famasi. Kumbe hata vile vidonge vya mafua na usingizi vyenye difenhidramini, Marekani wanataka usubiri saa 60 baada ya kumeza ndo uruke. Soma mkataba wa hiyo huduma uone kama ripoti zinaenda kwa idara ya rasilimali watu na zina nini ndani. Mimi huu mlango nauweka wa tatu.

*Mtaalam wa nje,* mwanasaikolojia au daktari wa akili unayemtafuta mwenyewe. Kama una ugonjwa basi hapa ndo kuna tiba yenyewe, hakuna njia ya mkato. Anabanwa na sheria za siri za taaluma yake, hana uhusiano na mwajiri wako. Lakini kuna mambo ya kuelewa mapema. Marekani kwa mfano, ushauri wa ndoa au wa msiba usiohusiana na ugonjwa wa akili wala ulevi hautakiwi kuandikwa kwenye ile fomu, ila ukishapewa jina la ugonjwa mambo yamebadilika, unatakiwa kutaja. Na wengi jina la ugonjwa wanalipata bila kujua, manake bima ya afya mara nyingi hailipi bila kuona ugonjwa umeandikwa, sasa mtaalam anakuandikia "sonona ya wastani" ili bili ipite wakati wewe ulienda kwa sababu mama yako amefariki. Kwahiyo siku ya kwanza muulize waziwazi: utaandika nini kwenye faili langu, na kwa nini? Simaanishi umwombe adanganye, hapana, kama ni sonona iandikwe sonona na itibiwe. Namaanisha huzuni isiitwe ugonjwa kwa ajili ya makaratasi. Na wale wanaodhani ukilipa taslimu basi huna wajibu wa kutaja wanajidanganya, wajibu unatokana na ugonjwa haijalishi umelipaje, na kuficha kwenye fomu ya serikali ni kosa la jinai ambalo litakusumbua kuliko sonona yenyewe.

*Daktari wa anga.* Huyu ndo mwenye kalamu. Watu wanamwogopa na sishangai, lakini mwisho wa safari lazima upite kwake, na namna unavyofika ina uzito mkubwa. Ukifika umeshaanza tiba, una barua, una mpango, ni tofauti kabisa na kufika umekamatwa. Vyama vikubwa vya marubani vina madaktari washauri ambao unaweza kuwauliza kabla, ukawaeleza hali yako wakakwambia mamlaka itataka nini na itachukua muda gani, tumia hiyo nafasi kama ipo.

Ukiwaweka pamoja: mwenzako anasikia na haandiki, hatibu. Simu ya kampuni inasikia, inaandika kidogo, inatibu kidogo. Mtaalam anasikia, anaandika, anatibu. Daktari wa anga anaandika na kuamua.

Chaguo langu kwa rubani ambaye hayuko kwenye dharura ni kuanza na mwenzako, ndani ya wiki moja mbili uwe kwa mtaalam kama hali haijabadilika, na daktari wa anga baada ya mtaalam kujua ni nini. Ila kuruka katikati ya hayo yote ni jambo lingine, kanuni karibu kila mahali zinakutaka ujizuie mwenyewe ukijua huko sawa hata kama cheti bado ni hai, hii huhitaji kuruhusiwa na mtu. Ugua. Chukua likizo ya ugonjwa. Kichwa nacho ni mwili.

Maongezi peke yake au na dawa

Hapa uvumi ni mwingi mno kwahiyo nitaenda taratibu kidogo. Kuna marubani mpaka leo wanaamini ukimeza kidonge cha sonona hata siku moja umemaliza kazi. Ilikuwa kweli zamani Marekani, mpaka tarehe 5 Aprili 2010 ambapo FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, walikubali dawa nne: fluoksetini, setralini, sitalopramu na esitalopramu, kwa masharti kwamba umetulia kwenye dozi kwa miezi 12. Walipotangaza walitoa pia msamaha wa miezi 6 kwa waliokuwa wanaficha, jitokeze, sema, hatukushtaki. Baadaye ule muda wa kusubiri ukapunguzwa, na dawa nyingine chache zikaongezwa. Australia ndo waliotangulia miaka mingi kabla, na utafiti wao wa 2007 ulilinganisha marubani waliokuwa wanatumia dawa za sonona na wasiotumia kwa kumbukumbu za 1993 mpaka 2004, haukuona tofauti ya ajali kati yao. Uingereza na nchi za Ulaya nazo zinaruhusu baadhi chini ya uangalizi.

Kwahiyo ukilinganisha: maongezi peke yake, hasa yale ya kubadilisha namna ya kufikiri na kutenda, yanafaa kwa sonona nyepesi na wasiwasi, na kurudi kazini mara nyingi ni haraka zaidi kwa sababu hakuna dozi ya kusubiri itulie. Kwa sonona nzito dawa na maongezi kwa pamoja vinafanya kazi vizuri kuliko kimoja, na gharama yake ni muda wa kukaa chini bila kuruka, ripoti za daktari wa akili, na Marekani kuna na kipimo cha kompyuta kinachoitwa CogScreen-AE kinachoangalia kasi ya kufikiri na kumbukumbu. Inachosha na ina bili. Lakini linganisha na yule anayeruka bila tiba, au anayenunua dawa kimyakimya kwa jina la mke wake, hana anayemfuatilia dozi, akipata madhara ya dawa angani hana wa kumwambia. Kati ya hawa wawili mimi nataka familia yangu irushwe na yule anayetibiwa.

Tahadhari mbili tu. Dawa za kutuliza wasiwasi za kundi la diazepamu na alprazolamu hazikubaliki kuruka nazo, usikubali kuandikiwa bila kumwambia daktari kwamba wewe ni rubani. Na usiache dawa ghafla kwa sababu tarehe ya kupimwa imekaribia, kuna wanaofanya hivyo na ndo wanaanguka vibaya.

Kwa anayechagua kwa niaba ya shirika

Kama wewe ni meneja na bajeti yako inatosha kitu kimoja, kati ya kununua vipimo vya kisaikolojia vya kila mwaka kwa marubani wote na kuanzisha programu ya kusaidiana, weka pesa kwenye programu. Na kati ya programu nzuri isiyo na ulinzi wa kipato na programu ya kawaida yenye bima ya kupoteza leseni inayohusisha na magonjwa ya akili, chagua ya pili bila kusita. Bima nyingi za namna hii zinaweka magonjwa ya akili pembeni au zinalipa kidogo kuliko mguu uliovunjika, soma maandishi madogo. BEA wenyewe kwenye mapendekezo yao baada ya Germanwings waligusa hili, kupunguza hasara ya kipato kwa rubani anayepoteza cheti, na nasikitika ndo pendekezo ambalo mashirika yanalizungumzia kidogo.

Kuna ile kanuni ya watu wawili muda wote ndani ya chumba cha marubani pia, siku chache baada ya ajali Ulaya walishauri hivyo, kufikia 2016 wakalegeza na 2017 mashirika ya Ujerumani yakaiacha. Siipingi, ila haimsaidii anayeumwa.

Mwezi Aprili 2024 kamati iliyoundwa na FAA ilitoa mapendekezo 24, na mengi yalilenga hukuhuku, rahisisha kusema, punguza muda wa kusubiri, watu wanaoenda tu kuongea na mshauri wasilazimike kutaja. Kama nchi yako inatengeneza kanuni sasa hivi hayo ni mahali pazuri pa kuanzia kuliko kunakili kipimo cha mtu.

Karatasi za kuwa nazo

Kwa rubani aliyeshaamua, kinachochelewesha cheti kurudi mara nyingi ni makaratasi kuliko ugonjwa. Anza faili siku ya kwanza ya tiba. Barua ya mtaalam iseme dalili zilianza lini, ugonjwa unaitwaje, kama kulikuwa na mawazo ya kujidhuru au hapana, tiba gani na tarehe zake, dozi ya mwisho ilibadilishwa lini, na hali ya sasa ikoje, barua inayosema "anaendelea vizuri" peke yake inarudishwa. Ongeza maelezo yako mwenyewe ukurasa mmoja, kwa maneno yako, nini kilitokea na ukiona dalili gani utajua inarudi. Matokeo ya PHQ-9 ya kila mwezi yaweke humo pia yakiwa na tarehe. Nakala moja ibaki kwako, na tuma kwa mamlaka vyote kwa pamoja, usitume kipandekipande.